Klachi Uliyonifundisha Kubana

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila kukuamkia utaninunia hata huko uliko.

Jana nilikaribia kuanguka na pikipiki yako. Tulia kwanza. Haina mkwaruzo, na mimi ni mzima.

Baada ya arobaini yako Mama aliuficha ufunguo. Wewe ulikufa kwa figo, kitandani, lakini jaribu kumweleza Mama. Alisema hawezi kukaa hapa Temeke akisikia kila mlio wa breki anadhani ni mimi. Nilimbembeleza miezi saba. Mwisho akakubali kwa sharti: nikafundishwe kwanza mahali pasipo magari, yeye akiwepo, na nikianguka hata mara moja pikipiki inauzwa.

Ndiyo tukaenda Kimbiji. Kuna kundi la waendesha pikipiki huwa wanafunga barabara ya lami inayozunguka viwanja ambavyo nyumba zake hazijajengwa, wanakimbiza pikipiki na kufundisha wanaoanza kutwa nzima bila kuogopa lori. Wenzangu walivaa ngozi kuanzia shingoni. Mimi nilivaa jaketi lako la bodaboda la kijiweni, na lilinipwaya. Mama akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, tasbihi mkononi. Hakunitazama usoni hata kidogo, alitazama magurudumu.

Mizunguko mitatu nilienda vizuri, nikaanza kujiona. Wa nne, pale barabara inaposhuka kabla ya kona, nikafanya ulichonifundisha: nikabana klachi, nikaiacha pikipiki iteremke yenyewe. Wewe ulijifunza hivyo kwenye miteremko ya Newala ili kuokoa mafuta, na ukaniambia injini nayo ina haki ya kupumzika. Mkono ulibana wenyewe, sikufikiri. Sasa ile kasi, Baba! Hakukuwa na injini ya kuishika. Nikakanyaga breki ya nyuma, tairi likateleza, nikauona mtaro wa zege unanijia.

Nilikuita. Sikumwita Mungu, nilikuita wewe, anisamehe. Kisha nikafanya kitu ambacho hukuwahi kunifundisha: nikainua mguu kwenye breki, nikaachia klachi taratibu, injini ikakamata, pikipiki ikanyooka. Niliingia kwenye nyasi nikasimama hatua mbili kutoka mtaroni.

Mwalimu wetu, dada mmoja anaitwa Neema, alikuja mbio. Akaniuliza, "Klachi unaibanaga ya nini kwenye mteremko? Nani kakufundisha?"

Nilishindwa kukutaja. Niliona aibu kwa ajili yako, halafu nikaona aibu kwa kuona aibu. Nikalia ndani ya kofia ngumu mpaka kioo kikajaa mvuke. Tangu uondoke nafanya kila kitu ulivyofanya wewe. Hata chai nainywa bila sukari, na siipendi. Niliogopa kwamba nikibadilisha kimoja tu, utakuwa umekufa zaidi. Mwishowe nikamwambia Neema ni baba yangu, na kwamba alijua mengine mengi. Akasema sawa, basi turekebishe hilo moja.

Nikarudi barabarani. Niliushuka ule mteremko tena na tena klachi nimeiachia, injini ikiishika pikipiki, hadi mkono ukazoea.

Jioni ikafika saa ya kurudi nyumbani. Asubuhi Mama alikuwa amekuja kwa bajaji, nikadhani ataita nyingine ya kurudia. Badala yake akavaa kofia ngumu juu ya mtandio, akapanda nyuma yangu, akanishika kiunoni. Baba, yule mwanamke hajawahi kupanda nyuma ya mtu mwingine zaidi yako.

Tulipofika kwenye mteremko wa kwanza akasogeza mdomo sikioni kwangu: "Mbona injini inalia? Baba yako alikuwa anaiacha inyamaze hapa."

Nikamwambia mimi naendesha hivi. Akakaza mikono kiunoni kwangu, akasema, "Haya. Twende hivyo hivyo."

Pumzika, Baba. Yako mengine yote nayatunza, hili moja niwie radhi. Ijumaa nakuja kaburini kwako, nikiwa na Mama nyuma, na nakuahidi tutafika.

Mwanao,
Zuhura