Koili Kubwa Katika Boma la Baba Yako

Baba Mwende, popote ulipo,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu njia nyingine zote zimeisha. Nimepiga namba yako mpaka mwenye duka la hapa chini akaniuliza kama niko sawa. Nimewauliza madereva wenzako wa Industrial Area. Mwaka na nusu sasa tangu uondoke.

Ndugu yako Musyoka ameuza boma la baba yenu. Aliniambia Ijumaa, akasema trekta linaingia Jumatatu kusawazisha. Nikamuuliza, "Na mtoto?"

Akajibu, "Shemeji, mimi sikuwepo. Mumeo alimzika mwenyewe."

Mimi pia sikuwepo. Nilikuwa wodini, nimeshonwa, siwezi kusimama, ulipombeba Mwende wetu wa siku tisa ukampeleka kwenu. Ulirudi na udongo mwekundu kwenye kucha. Ulinieleza jambo moja tu, kwamba ulifukia rejeta kuukuu ya lori juu yake, ile ya shaba ya kupozea injini, ili mbwa wasimfukue. Mahali hukunionyesha. Kila nilipouliza ulisema, "Si leo." Ndilo tulilogombania siku uliyoondoka.

Basi nikaishusha mashine yako ya kutafutia chuma kutoka juu ya kabati.

Unakumbuka ulivyoileta kutoka Eastleigh, imefungwa kwenye blanketi, na koili zake tatu, zile duara za kusikilizia ardhi? Nilicheka nikadhani umenunua fagio la umeme. Ulinifundishia hapo nyuma ya ploti, penye vizibo vya soda vingi kuliko mawe. Majirani walipouliza tunatafuta nini, ulisema, "Simu ya huyu mama." Ile koili ya chembe za dhahabu ulisema tuisahau. Zile mbili nyingine ndizo ulizozipenda, moja pana kama sinia, nyingine kama kisahani. "Hizi ni za masafa ya chini," uliniambia. "Zinaipenda shaba, na sauti yake inazama mbali." Tukazunguka nazo mahame ya watu huko Ukambani, tukapata zile senti za zamani zenye tundu katikati. Ulikuwa unazisugua kwenye suruali kabla ya kunipa. Lakini boma la baba yako hukutaka tulikanyage.

Jumamosi nilifika saa nne. Nyumba imeanguka, mabati yamelala chini ya nyasi, misumari kila mahali. Kwa haraka nilifunga koili kubwa, maana nilitaka kina. Mashine ikapiga kelele bila kupumua. Nikakaa chini nikalia. Kisha nikakumbuka maneno yako: "Penye misumari weka ndogo. Kubwa inasikia vitu vitano kwa pamoja, vyote vinakuwa kelele moja."

Nikafunga ndogo. Nilizunguka ile nyumba mchana kutwa. Nilitoa bawaba, kijiko, mfuniko wa sufuria. Bati lilinidanganya mara mbili, maana bati nalo hutoa sauti tamu. Ulinionya kuhusu hilo. "Geuka, ulisikilize kutoka upande mwingine. Shaba haibadilishi neno." Niligeuka, sauti ikakatikakatika, nikajua ni bati. Jioni mikono ilikuwa imechubuka na sikuwa na kitu.

Jumapili nilifikiri kama wewe. Mtu mwenye jembe na mtoto wake hachimbi kwenye misumari. Anakwenda mahali wazi, mbali na mlango. Nikarudisha koili kubwa. Nikaiinua na kuishusha mpaka ikauzoea ule udongo mwekundu na kunyamaza, kisha nikatembea polepole, koili inakaribia kugusa nyasi, kila mstari ukipanda kidogo juu ya mwenzake. Betri ilikuwa imebaki alama moja. Nilikuwa naisemesha kwa sauti, naiomba isizime.

Karibu na ule mkonge wa mpakani ikalia. Sauti pana, ya juu. Nikageuka, nikaja kutoka upande wa pili. Neno lilelile.

Nilichimba kwa jembe, halafu kwa mikono. Rejeta ilikuwa kwenye kina cha kiwiko, imegeuka kijani. Nikaitoa. Nikaita jina la mtoto. Tangu azikwe sikuwa nimewahi kumwita akiwa karibu hivyo. Nilikuwa nimekuja na shuka mpya ya kumbebea, nikaitandaza kando.

Jirani yenu Mama Nduku alikuwa anatoka kanisani. Alisimama kwenye ua akaniangalia, akaweka Biblia chini.

"Mwanangu, usichimbe zaidi. Hapo hamna mtu."

Nikamwambia yumo, nimeona rejeta.

"Mume wako alikuja mwezi wa nne mwaka huu," akasema. "Na mchungaji, na kisanduku kipya. Akamtoa mtoto akaondoka naye, hakusema anampeleka wapi, rejeta akairudisha shimoni. Nilidhani mmepanga pamoja."

Nilichimba hata hivyo. Udongo ulikuwa laini, umevurugika mpaka chini, na jembe lilipokutana na udongo mgumu nilikuwa nimezama kiunoni. Mama Nduku alinivuta kwa mikono miwili kunitoa. Alinilaza kwake. Jumatatu nilisimama barabarani nikaliona trekta likipita juu ya lile shimo bila kupunguza mwendo.

Sasa niko hapa Kayole, na sijui nihisi nini. Mwezi wa nne wewe ulikuwa hai. Ulijua kabla yangu kwamba boma linauzwa, ukamwahi mtoto, na kwa hilo nakushukuru kwa moyo wote. Halafu nakasirika. Ulipita Nairobi kwenda kule, Baba Mwende. Mama Nduku anasema mlishuka kwenye gari la kutoka Nairobi. Ulipita karibu na mimi, na kisanduku kitupu, hukunipigia.

Sikuombi urudi. Kama una nyumba nyingine, kaa nayo. Kama una aibu, mimi pia ninayo. Nitajie mahali tu. Kama ni mbali nitakuja, kama ni shambani kwa watu nitasimama nje ya ua. Nilimnyonyesha mara moja tu, nesi akanipokonya kwa sababu nilikuwa natetemeka kwa homa, akasema nitamshika kesho. Tuma ujumbe wa mstari mmoja, kwa namba nisiyoijua, bila jina lako. Nitaelewa.

Nakuaga macho yangu yakiwa kwenye simu,

Mama Mwende