Mlinzi Kichwani mwa Eckart

KITUO CHA POLISI KIRCHHALDEN, UJERUMANI
MAELEZO YA SHAHIDI, 15 Mei 2024

Jina: Roswitha Häberle. Umri: miaka 58. Kazi: mshonaji wa mapazia. Makazi: Kirchhalden, mtaa wa juu.

Mimi ni mke wa marehemu Eckart Häberle, fundi wa kuezeka vigae. Nimekuja kwa sababu ripoti yenu inasema amekufa kwa uzembe wake. Nataka neno hilo lifutwe.

Kifafa kilimshusha paani miaka sita iliyopita. Dawa zilishindwa. Novemba mwaka jana alipasuliwa fuvu, akawekewa mashine ndogo yenye nyaya zinazoingia kwenye ubongo. Inausikiliza ubongo usiku na mchana. Ikisikia kifafa kinaanza, inatoa shoti ndogo ya umeme kukizima kabla mtu hajaanguka.

Umeniuliza, afande, kama tulielezwa kuwa ni majaribio. Tulielezwa. Kompyuta ingewagawa watu kwa bahati nasibu: nusu ya wagonjwa mashine zao zisikilize na kutibu, nusu zisikilize tu, na hata daktari asijue nani ni nani. Mfa maji haachi kutapatapa. Alitia sahihi.

Tangu Januari, majaribio yalipoanza, hakuanguka hata mara moja. Akawa anajisifu kwamba anaisikia ikimtekenya nyuma ya sikio. Mwanzoni mwa mwezi huu Daktari Wackernagel wa majaribio hayo alimpiga bega mbele yangu. "Bwana Häberle, mambo yako mazuri mno. Endelea hivyo hivyo!"

Niliuliza kama anaweza kupanda paa. Daktari akacheka: "Mama, hilo mimi siwezi kulisema." Mume wangu alisikia kicheko tu.

Mnamo tarehe 11 Mei, Jumamosi, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa nafagia ngazi za jengo letu, maana wiki ile zamu ilikuwa yangu. Nikamsikia jirani yetu, Bwana Pfleiderer, akipiga kelele: "Eckart, shuka! Vigae vyangu vinaweza kusubiri!"

Nilitoka na ufagio mkononi. Mume wangu alikuwa juu kabisa ya paa la Pfleiderer, anatabasamu. Sikuwa nimemwona hivyo kwa miaka sita.

"Shuka, mwanamume wewe! Huna hata haya!"

"Tulia, Rosi. Wewe una ufagio, mimi nina mlinzi kichwani."

Kisha shingo yake ikageuka kushoto, polepole, kama mtu aliyeitwa. Ninaijua ile shingo; ndivyo kifafa chake kilivyoanza siku zote. Sikupiga kelele. Nilisimama nikiisubiri mashine ifanye kazi yake. Akaanguka uani, akakata roho kabla gari la wagonjwa halijafika.

Mchana nilikwenda chumba cha maiti. Niliambiwa nisubiri nje, kwa kuwa fundi wa majaribio alikuwa ndani na kompyuta yake. Alipotoka alinipa pole, akasema, "Mashine imenasa tukio lote, safi kabisa."

"Na shoti?"

Akainamia kompyuta. "Hakuna shoti hata moja, mama. Tangu Januari."

Kwa nini alikuwa mzima miezi ile sijui. Wao ndio wasomi. Labda ni furaha tu. Nina uchungu, afande, andika hivyo hivyo. Mashine ilimsikiliza mume wangu mpaka mwisho na haikumsaidia kitu. Aliyemsifu hakuitwa mzembe.

Sina la kuongeza. Niliyoyasema ni kweli tupu.

Sahihi: R. Häberle

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo yake na kuyakubali. Hospitali imejibu kwamba rekodi ya tukio ni mali ya utafiti na haitatolewa kabla majaribio hayajakwisha. Kwa kukosa ushahidi mwingine, neno "uzembe" limebaki.
Sajenti U. Krautter