Sauti ya Kaka Redioni

Tarehe 3 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na wifi, na watoto? Mimi mzima, ila kazi imenibana hadi nasahau kula. Karakana inaendeleaje? Yule mteja wa milango ya mninga ameifuata, au bado anakupiga kalenda?

Nina shida, na dawa yake ni wewe. Kampuni yetu imepewa kazi ya kutengeneza matangazo ya kuwaonya watu wasiendeshe gari wakiwa wamekunywa. Tumetengeneza mawili ya majaribio. Moja lina damu, vioo vilivyovunjika na mama anayelia. La pili lina askari wa barabarani na pingu. Bosi anayasifu, lakini bosi hanywi hata soda. Mimi nataka kujua yanamwingiaje mtu mwenye pikapu yake, anayepata mbili tatu siku ya Ijumaa kisha akarudi nyumbani kwa magurudumu. Sijui kama unamfahamu mtu wa namna hiyo.

Nimekutumia kwenye simu. Waonyeshe na wenzako pale baa, halafu niandikie, maana ukipiga unacheka tu. Niambie ukweli, usinivike kilemba cha ukoka.

Mdogo wako,
Kasuku


Tarehe 11 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, isipokuwa mgongo wangu unaotaka kustaafu kabla yangu. Yule wa milango bado ananipiga kalenda.

Mambo yako tumeyaona. La damu, kila mtu aligeuza uso, kisha mmoja akasema, "Huyo hajui kuendesha," tukaagiza nyingine. Maiti wa kwenye tangazo siku zote ni mtu mwingine, tena mjinga. La askari ndilo balaa. Tulikaa hapo tukijadili njia ya kupita nyuma ya soko ili tusikutane naye. Tumefaidika sana, ahsante.

Sasa nisikilize. Usimtishe mtu, wala usimwite mlevi. Pale mezani hakuna mlevi hata mmoja, wote tumepata kidogo tu! Kinachomzuia mtu kuliacha gari ni aibu. Akiliacha, wenzake watasema pombe imemshinda. Mtafutie neno la mzaha la kusema anapoinuka, aondoke na heshima yake.

Mimi sihitaji tangazo, ninaye wifi yako. Kila Ijumaa anawahi funguo kabla sijatoka na kuzificha kwenye pipa la unga. Nikizitafuta natoka mweupe hadi nyusi, watoto hawana mbavu. Nikizipata, naendesha. Ila mara nyingi sizipati. Mwanamke yule ni trafiki asiyepokea kitu kidogo.

Kaka yako


Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Wote hamjambo? Huku kwema.

Barua yako nilimsomea bosi, nikairuka ile sehemu ya unga. Akauliza, "Huyu anaweza kuongea hivi redioni?" Nikamwambia huyo anaongea hivyo hata akiwa usingizini. Kwa hiyo jiandae, unakuja kurekodi.

Tangazo lenyewe ni fupi. Kelele za baa, vicheko, kiti kinasogezwa. Wewe unasema: "Jamani, gari lina magurudumu, mimi nina miguu. Leo ni zamu ya miguu." Funguo zinawekwa kaunta, watu wanacheka, basi. Hakuna damu wala askari. Tukiwapa watu hofu wanaziba masikio, tukiwapa neno wanalichukua wenyewe.

Najua wewe zamu ya miguu huijui sana. Usijali, msikilizaji hakuoni. Tangazo halihitaji mtu mwema, linahitaji sauti inayoaminika, na yako hata mama mkwe aliiamini.

Kasuku


Tarehe 20 Juni

Kasuku,

Marahaba, mdogo wangu. Huku ni wazima, tena ni watu maarufu. Siku hizi sinunui msumari bila mtu kuniuliza kama leo ni zamu ya miguu. Pale baa mwenye kaunta amepigilia ndoano za funguo, na Ijumaa iliyopita zilijaa. Nakuapia! Wanaume wazima wanasema lile neno, wanacheka, wanatembea.

Wifi yako alilisikia kwa mara ya kwanza akiwa anasonga ugali. Akaacha mwiko, akasikiliza hadi mwisho, machozi yakamtoka. Kisha akaenda kwenye pipa la unga, akatoa funguo, akazipangusa na kuzitundika karibu na mlango. "Sasa nimekubali umekua," akasema. Mimi nikanawa mikono, nikakaa kula.

Unauliza kama nami natembea. Kasuku, mganga hajigangi.

Kaka yako


Tarehe 1 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali vipi, maana hali naijua. Tangu tumzike wifi hujanijibu barua hata moja. Watoto wanakula? Mkono umeanza kukunjika? Kesi imetajwa?

Polisi wamesema ulikuwa umekunywa, na hilo sikuulizi. Ninalouliza ni kwa nini wifi alipanda. Mwanamke aliyeficha funguo kwenye unga miaka yote, alipandaje gari lile? Usingizi siupati. Niambie, hata kama ni neno moja.

Mdogo wako


Tarehe 14 Septemba

Kasuku,

Marahaba. Watoto wanakula wakilazimishwa. Mkono unakunjika nusu. Niko nje kwa dhamana, leseni wamechukua, na hata wangeniachia nisingeitaka.

Tulikuwa tunatoka kwenye harusi ya mdogo wake. Alinikuta nimeshawasha injini. Akaniuliza, "Umekunywa?" Nikamwambia, "Mimi? Mwenye tangazo?" Akacheka, akapanda. Zamani angeninusa mdomo na kuninyang'anya funguo mbele ya wakwe, waseme watakavyosema. Lakini alikuwa amenisikia redioni asubuhi na jioni, miezi yote ile. Tangazo lako lilishawishi kweli, mdogo wangu. Lilimshawishi mke wangu asinilinde. Pale kwenye kona kulikuwa na lori limeegeshwa, sikuliona.

Siku ya matanga, redio ya jirani ikaitoa sauti yangu: "Leo ni zamu ya miguu." Baba mkwe alikuwa amekaa mbele yangu. Alinitazama tu. Bora angenipiga.

Liondoeni hewani, nakuomba. Kama mnaitaka sauti yangu, nitakuja niseme ukweli wote, na jina lake nilitaje.

Kaka yako


Tarehe 19 Oktoba

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama baada ya kurekodi. Ulipoondoka, fundi mitambo alitoka nje kulia, na mimi nikamfuata.

Kisha tukawasikilizisha wanaume tuliowakusanya kutoka baa mbalimbali, kama tunavyofanya kwa kila tangazo. Waliinamisha vichwa, wakakuhurumia. Halafu mmoja akasema, "Huyo alizidisha. Mimi najua kipimo changu." Wenzake wakaitikia. Ukweli wako umewafanya vilevile kama ile damu. Bosi amelikataa hilo jipya. La zamani linaendelea, kwa sababu linafanya kazi. Tunaletewa barua na wake za watu wakishukuru. Bosi anasema sauti haina jina, na mteja wetu hajui yaliyotokea.

Mimi nikimwambia mteja, kesho litaondolewa. Kazi nitaipoteza, na sijali. Ila sijui nani atawaambia waache gari wale wanaolisikia sasa.

Kaka, nimesomea kuwashawishi watu nisiowajua, na wewe wa tumbo moja nami sikuwahi kukwambia, acha. Nilikugeuza mfano wa msikilizaji. Nilicheka ulipoandika kuhusu unga. Nisamehe. Utakaloamua ndilo nitakalofanya.

Mdogo wako


Tarehe 6 Novemba

Kasuku,

Marahaba. Watoto wazima. Wameanza kugombana tena, nami nawaacha wagombane, nyumba isiwe kimya.

Usijibebeshe lawama peke yako. Hukuniambia, kweli. Lakini wifi yako aliniambia kila Ijumaa ya ndoa yetu, nami niliona kichekesho.

Nilikuwa nimeshaandika barua ya kukwambia liondolewe. Jumanne nikaenda duka la vifaa kununua bawaba. Nilipofungua mdomo tu, mwanamume mmoja mgeni akageuka. "Hebu ongea tena," akasema. Nikasema, "Bawaba za milango." Akaushika mkono wangu huu mbovu kwa mikono yake yote miwili. "Ni wewe!" Akaniambia siku hizi Ijumaa gari lake linalala baa, yeye analala nyumbani. Mkewe alikuwa ameshafunga mizigo aondoke na watoto, sasa ameifungua.

Nilitaka kumwambia. Nikamtazama alivyofurahi, nikajua nikimwambia, Ijumaa hiyo hiyo atasema yule fundi alizidisha, na atawasha gari.

Basi liacheni. Usimwambie mteja.

Akaniuliza kama nami nina mke. Nikamwambia ninaye, yuko nyumbani, hajambo. Akasema nimfikishie salamu za mke wake. Nikamwambia zitafika.

Kaka yako