Swali la Nguruwe

Deurne, 4 Oktoba

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje tangu wakupasue? Huku sote wazima, ila Baba, tangu uanguke, hana mtu wa kugombana naye, kwa hiyo anagombana na redio. Jumapili iliyopita nilisimama kando ya kitanda chako kama mwavuli, sikusema kitu. Nisamehe. Unajua kuandika ndiko ninakoweza. Jana nilitoka bandani kwa nguruwe nikanyoosha mpaka nyumbani kwako kijijini, kama Jumamosi zote. Nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba hupo, na hakuna supu.

Mjukuu wako,
Pleun

Hospitalini, 7 Oktoba

Mjukuu wangu Pleun,

Barua yako imenikuta sijambo, nina chuma kipya nyongani na hamu ya kula. Tumo wanne chumbani. Jirani yangu Tonia ni mshonaji wa mapazia, anasubiri mguu wake upasuliwe mara ya pili, na akicheka vikombe vinatikisika. Asubuhi mimi namchana nywele kwa kitana changu, yeye ananipakia mkate siagi.

Siku niliyoingia muuguzi aliniuliza, "Bibi, unaishi na nguruwe?" Nikamwambia, "Nguruwe wangu nilishamzika, alikuwa anaitwa Sjef." Alicheka mpaka akafuta machozi, akaenda kwenye swali lingine. Babu yako Sjef mwenyewe angecheka.

Kidonda kinachoma kidogo. Nikirudi, njoo Jumamosi na njaa yako, wala usipoteze muda kubadili nguo.

Bibi yako,
Drika

Deurne, 15 Oktoba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Homa imeshuka? Jana Baba alipotoka kwako alikaa ndani ya gari uani, hakushuka, mpaka mbwa akaanza kulia. Kisha akanieleza kwamba umehamishiwa chumba cha peke yako. Kidonda kina bakteria wa nguruwe, wale wasiouawa na dawa za kawaida, na wamefika kwenye chuma. Daktari anasema sisi wafugaji tunaweza kukaa nao puani bila kuumwa. Ndiyo maana muuguzi huuliza habari za nguruwe. Wangejua mapema, wangekutenga tangu mwanzo na kukupa dawa nyingine kabla ya kukukata.

Lakini wewe huna nguruwe tena, Bibi. Nguruwe ninao mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nakuja na nguo za bandani, nakubusu mara tatu kabla hata sijavua viatu.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Mjukuu wako,
Pleun

Hospitalini, 19 Oktoba

Pleun wangu,

Mimi nipo. Usiucheke mwandiko. Wanaoingia kwangu wamejifunika gubigubi, naona macho tu. Tonia naye wamemkuta na bakteria hao puani, na upasuaji wake umeahirishwa. Simsikii akicheka.

Hilo la nguo liache. Huenda nilikuwa nao kabla hujazaliwa, nani ajuaye. Swali niliulizwa mimi. Muuguzi alipaswa kuniuliza tena, na mimi nilipaswa kumjibu. Wewe ukiona haya unanyamaza, mimi nikiona haya natania. Jibu halipatikani kwako wala kwangu.

Njoo Jumapili. Watakuvisha glavu na barakoa. Usivue, hata nikikuomba.

Bibi yako,
Drika

Hospitalini, 2 Machi

Bibi,

Leo sitaanza kwa kukuuliza hali. Tulikuzika Novemba, na bado Jumamosi mkono wangu unatafuta kengele ya mlango wako.

Jumapili ile uliniomba nivue glavu, sikuvua. Ulinishika kidole juu ya plastiki ukasema, "Mkaidi kama Sjef." Ndilo neno la mwisho ulilonipa. Usiku mwingine nafurahi kwamba sikuvua. Usiku mwingine sifurahi.

Leo ngiri ya tumboni ya Baba imebana, tumekimbilia hapa. Ukumbi wa mapokezi ulijaa, na nyuma yetu alikaa yule msichana wa darasani kwangu aliyekuwa akiziba pua nikipita na harufu ya banda. Muuguzi akauliza, "Mnaishi na nguruwe?" Baba, ameshika tumbo hivyo hivyo, akasema, "Labda uende ukaone chumba cha huyu binti yangu." Muuguzi akaanza kutabasamu.

Nikasema, "Ndiyo, tunafuga. Zaidi ya elfu. Leo asubuhi tulikuwa bandani, sote wawili. Andika ndiyo."

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Sikugeuka kuangalia nani ameziba pua. Baba aliinama akitazama viatu vyake, kisha akasema taratibu, "Andika alivyosema."

Wamempitishia kijiti cha pamba puani, wamempa chumba cha peke yake na dawa inayofaa. Kabla mlango haujafungwa aliuliza humo ndani atagombana na nani.

Sasa ameshapasuliwa, ameamka, ananiita. Nimenawa mikono, nimevaa glavu. Naingia.

Mjukuu wako,
Pleun