Diski ya Konsolata

Jumatatu, 13 Oktoba

Jaribio la nne tangu asubuhi. Mfumo umesakinika, kompyuta imewaka, hakuna kosa. Chai imepoa tena. Tangu mwenzangu Aline alipopata kazi Kiyovu, kisakinishi hiki, programu ya kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta, kimebaki na mtu mmoja, mimi. Mwisho wa mwezi kinatakiwa kwenye kompyuta kuukuu za shule.

Mchana nimepitia ripoti za watumiaji. Mmoja wa Kamembe anadai alikiambia kifute diski ya ndani ya kompyuta, kikafuta ya nje. Nimejaribu mara mbili. Nikamjibu: "Kwangu haijirudii." Nikaifunga ripoti. Watu hawasomi wanachobonyeza.

Jumatano, 15 Oktoba

Wa Kamembe amepiga simu. Namba yangu iko chini ya ukurasa wa kisakinishi, nilishasahau. Ni mzee, anaitwa Sipiriyani, fundi redio mstaafu. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Kwenye diski ile kulikuwa na nyimbo za kwaya ya parokia yao, za miaka na miaka. Katika mmoja, marehemu mkewe Konsolata anaimba peke yake. "Katikati sahani inaanguka, anacheka, anaanza tena. Ni hiyo tu nataka, mwanangu. Zingine hata zikipotea."

Nikamwambia nitaangalia. Nilisema kama mtu anayetaka simu ikatwe.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimechomeka flashi ya zamani kabla ya kuwasha kompyuta. Kumridhisha mzee tu. Nikakiagiza kisakinishi kifute diski ya ndani; ikafutwa flashi.

Ilikuwa na makaratasi ya bima, si kitu. Lakini nilikaa nikikodolea kioo macho. Kumbe kifaa cha nje kikiwa kimechomekwa mapema, orodha ya diski inasogea nafasi moja, na kisakinishi kinafuta cha jirani. Nimejaribu mara mia bila kuliona hilo kwa sababu kompyuta yangu haina kinachochomekwa. Hapa Batsinda hakuna mtu anayeniletea chochote.

Nimeona aibu. Nimempigia, nikaomba radhi. Nikamwambia asiiguse tena ile diski, aitume kwa basi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeichukua kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Imefungwa kwa kipande cha kitenge ndani ya boksi la sabuni. Juu yake, kwa kalamu ya wino: Konsolata. Kabla ya yote nimeinakili kwenye diski yangu ya akiba, nikaipa jina lilelile.

Kisha nikaendesha programu ya kurejesha vilivyofutwa: sauti ziko. Majina ya mafaili yamepotea yote. Namba tupu, zaidi ya mia mbili.

Jumatatu, 20 Oktoba

Tumepatana hivi: saa kumi na mbili jioni anapiga, naweka simu karibu na spika, anasikiliza.

"Hapana, hiyo ni Feresi na wenzake. Weka ingine."

Feresi, ananisimulia, aliolewa Goma. Mpiga ngoma aliibiwa baiskeli siku ya Krismasi, wakati yeye yuko ndani anamsifu Bwana. Nimecheka kwa sauti. Nyumba hii haijazoea. Tumefika faili la ishirini, tutaendelea kesho.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeipata.

Saa nne asubuhi, nikitafuta mwenyewe ili nimpunguzie kazi. Faili la 143. Sauti nyembamba, haina papara. Sahani inaanguka. Anacheka. Anaanza tena. Nimeirudia mara tano.

Jioni sikuiweka. Nimemwekea nyingine kumi na tano. Sijui kwa nini.

Najua kwa nini.

Alhamisi, 23 Oktoba

Dosari nimeirekebisha. Sasa kisakinishi hakifuti diski mpaka mtu aandike jina la diski hiyo kwa mkono wake. Kazi nzuri. Hakuna wa kumwonyesha.

Jioni kumi na tano nyingine, kama jana. Mzee aliniuliza nimekula nini. Nikamwambia viazi na dodo, mchicha wetu wa huku. Akasema dodo za Kigali hazina ladha, nije nile za Kamembe. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu aliniuliza nimekula nini. Kwa hilo tu namficha mtu sauti ya mke wake. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nahesabu mafaili ili iwe ndefu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Leo sauti yake ilikuwa chini.

"Mwanangu, tuache tu. Nasikia sana za wengine. Yake imeanza kunitoka kichwani."

Nikaweka 143. Sahani, kicheko, wimbo mpaka mwisho. Nilisikia anavyopumua.

"Uliipata lini?"

Ningeweza kusema leo. Nikasema Jumanne. Nikasema pia kwamba nilitaka aendelee kupiga simu. Likatoka hivyohivyo, kama la mtoto.

"Sikulaumu. Tuma diski. Na ya kwako ufute, tafadhali. Huyo ni wa nyumba yangu."

Kisha akaaga kwa Kinyarwanda: "Murabeho." Hilo haambiwi mtu utakayeongea naye kesho.

Jumamosi, 25 Oktoba

Umuganda, kazi ya mtaa mzima ya kila mwisho wa mwezi; magari hayatembei. Nimetoka na jembe, tumezibua mtaro wa chini. Mama wa nyumba ya pili akaniuliza kama nimehamia juzi. Nina mwaka wa sita hapa.

Magari yaliporudi barabarani nikaipeleka diski Nyabugogo. Kitenge kilekile, boksi lilelile.

Jumapili, 26 Oktoba

Toleo jipya limekwenda kwa shule. Ripoti ya mzee nimeifungua upya, nikaandika: "Kosa lilikuwa langu. Limerekebishwa."

Saa kumi na mbili nilikuwa mezani. Simu haikuita. Nikaichomeka diski ya akiba, nikawasha kisakinishi. Kikaniuliza nilichokiandika mwenyewe: Data yote itafutwa. Andika jina la diski. Nilisoma maneno yote, moja moja. Nikaandika Konsolata. Kikakubali.

Nimekula viazi na dodo. Naandika hapa kwa sababu hakuna aliyeuliza.