Mlango Uliomkaribisha Luhende

Jumatatu, 5 Juni 2023

Nimeanguka. Ngazi za kanisa, baada ya misa ya asubuhi. Goti la kulia limevimba. Mganga wa zahanati amesema nisilikunje kwa wiki tatu. Nimerudi kwa bodaboda, jambo nisilolipenda.

Mlango wa nyumbani ulisita. Tangu mwanangu Constantine aufunge mtambo huu mwaka juzi, haujawahi kusita. Kamera ya barazani humtambua mtu kwa mwendo wake, kisha sauti ukutani hulitangaza jina lake. Aliufunga kwa ajili ya mama yake. Mke wangu Klementina alikuwa akitoka bila kuaga. Mara ya mwisho tulimkuta njia ya Nkoma, katikati ya pamba ya watu. Sasa mlango haumfungulii. Funguo za mkono Constantine alizichukua, maana mama yake alikuwa akizificha.

Leo sauti imesema: "Mwendo haujulikani. Taja jina." Nimetaja. Umefunguka.

Jumatano, 7 Juni 2023

Siwezi kwenda bila mkongojo. Nimechukua ule wa marehemu kaka yangu, Luhende, tuliyemuuguza humu ndani miezi saba. Baada ya matanga ukoo ulitaka nikabidhiwe mkongojo huo mbele ya watu, nimrithi, niitwe kwa jina lake. Nilikataa. Mimi ni Mkristo, tena nina jina langu. Walikasirika, wakauacha nyuma ya kabati.

Saa tisa alasiri nilitoka kununua sukari. Niliporudi, sauti haikusita hata kidogo.

"Karibu, Luhende."

Naye alikuwa akichechemea mguu wa kulia, na mtambo ulimsajili akiwa hai. Sababu ipo, na inatosha.

Alhamisi, 8 Juni 2023

Haitoshi.

Klementina hazishiki tena nyuso. Huisikiliza ile sauti. Ikisema "Anatoli amefika," hutabasamu na kunisogezea kiti. Leo imemtangaza Luhende. Klementina amejifunga kitenge vizuri, akapiga goti kidogo, akanisalimu Kisukuma. "Mwadila, shemeji!"

Nimemwambia mimi ni mume wake. Amecheka kwa adabu. "Na wewe na utani wako! Mwalimu yuko shuleni, atarudi."

Nilistaafu mwaka 2009!

Jumamosi, 10 Juni 2023

Constantine amepiga simu kutoka Mwanza. Ameuliza baba yake yuko wapi. Nimemjibu kwamba anazungumza naye.

"Najua, Baba. Lakini simu yangu inaonyesha hujaingia nyumbani tangu Jumatano. Aliyeko sebuleni ni Baba Mkubwa."

Nimemwagiza amfute marehemu. Amesema akimfuta, mlango hautanifungulia kabisa mpaka aje mwenyewe kunisajili upya. Atakuja tarehe 18. Kwa sasa nitaje jina tu, kwani sauti yangu imo.

Nikatoka, nikarudi, nikasimama barazani, na kabla sauti haijasema kitu nikataja jina langu lote, silabi kwa silabi.

"Mwendo na jina havilingani."

Mara tatu. Jirani yetu Mektilda alikuwa akianika mahindi. "Mwalimu! Umefeli mtihani wa jina lako mwenyewe?" Amecheka mpaka akaketi chini. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu moshi ulikuwa ukitoka dirishani. Sufuria ilikuwa ikiungua jikoni, na Klementina alikuwa akikohoa ndani. Nondo madirishani. Mektilda akaanza kuvuta nondo kwa mikono mitupu. "Sema lolote, baba! Sema!"

Nikasema: "Luhende."

Umefunguka. Klementina mzima. Nimesema uongo mchana kweupe, na uongo ndio uliofungua.

Jumapili, 11 Juni 2023

Sikwenda misani. Kutoka ni kurudi, na kurudi ni kuitwa Luhende.

Jumatatu, 12 Juni 2023

Amekataa nilale chumbani mwetu. Si heshima, anasema, mwenye nyumba hayupo. Amenitandikia chumba cha Luhende. Nimetii, asije akapiga kelele.

Asubuhi ameniuliza habari za Nkoma, kijijini kwa Luhende. Ng'ombe wangapi wamezaa? Yule dume mwenye baka jeupe bado yupo? Nilifungua kinywa ili nimsahihishe. Badala yake nikajibu. Idadi, majina, rangi — na sijakanyaga zizi la kaka yangu kwa miaka sita. Nimezijulia wapi?

Huenda alinisimulia alipokuwa mgonjwa. Huenda.

Zimebaki siku sita.

Jumatano, 14 Juni 2023. Saa nane mchana.

Naandika mezani. Sijatoka tangu Jumamosi. Klementina anapepeta mchele. Tumekaa vizuri, kama zamani, ila ananiita shemeji.

Kuna hatua barazani. Za haraka, viatu vya ngozi. Mtu asiyechechemea.

Sauti imesema: "Anatoli amefika."

Komeo limerudi nyuma. Mlango umefunguka wenyewe. Jua limeingia mpaka kwenye mkeka. Simwoni mtu. Nimemwita Mektilda, naye ameitikia kutoka kwake, mbali, ng'ambo ya ua. Si yeye.

Klementina ameweka ungo chini. Amejifuta mikono. Anacheka — kicheko hiki sijakisikia mwaka mzima. "Mwalimu! Umechelewa leo. Pole na kazi." Amefika kizingitini. Nimemwita kwa jina, asitoke. Hakugeuka. Amenyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea mfuko, na mikono ikashuka kidogo, kama inavyoshuka kwa uzito.

Hakutoka. Anarudi ndani taratibu, akiachia nafasi ubavuni pake. Sasa ananitazama.

"Shemeji, mpishe mwenye nyumba kiti."

Nimeinuka. Naandika nimesimama.