Birika Lilitoka Salama

Kaka Wafula,

Hamjambo huko nyumbani? Nakuru ni vumbi tupu, lakini viazi ni vitamu ajabu. Jana tukinywa chai ardhi ilitetemeka. Shemeji yetu, aliyekuwa akijisifia nyumba yake ya simiti, alitutangulia sote nje na birika mkononi! Ukuta umepasuka. Nyumba imezeeka, vyuma vya ndani vimeliwa na kutu, na chini ni udongo laini kama unga. Ya jirani ni mpya, iko juu ya mwamba, haina hata ufa.

Nilicheka, halafu nikakumbuka kiwanja chako cha bondeni, ulichokipenda kwa kuwa kinachimbika bila jasho. Nyumba utakayoijenga hapo ndimo watoto watakamolala. Sogeza msingi kwenye mawe, mvivu wangu. Ukikataa nitakuja tu, ila chai utaniletea uani.

Dada yako akupendaye,
Nasambu